Mchambuzi wenu wa filamu alishuka kabla ya kituo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mchambuzi wenu wa burudani. Majuzi aliiweka filamu ya The Road kwenye orodha yake ya filamu za mwisho wa dunia, katikati ya moja ya mazombi na nyingine ya kimondo. Kuipanga hapo sina ugomvi nako, gazeti ni lenu. Ugomvi wangu ni sentensi yake ya mwisho, kwamba fundisho la filamu ni kuwa dunia ikiharibika usimwamini binadamu yeyote. Nimeitazama filamu hiyo na mjukuu wangu, nikairudia peke yangu, na nasema mchambuzi alishuka kabla ya kituo.

Mimi ni dereva wa malori, sasa nimestaafu, mgongo umekataa. Sijasomea sinema. Ila habari ya kuwa barabarani usiku, una mzigo unaotamaniwa na kila mtu, na mbele yako kuna mtu usiyemjua amesimama, hiyo naijua kuliko wengi wanaoandika magazetini.

Kwa ambao hawajaiona: ni filamu ya mwaka 2009, imeongozwa na John Hillcoat, mtu wa Australia, na imetokana na riwaya ya Mmarekani Cormac McCarthy iliyotoka mwaka 2006 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Baba na mwanawe wa miaka kama kumi wanatembea kuelekea kusini, kwenye bahari, huko Marekani. Saa zote zilisimama saa saba na dakika kumi na saba, ukaonekana mwanga mkali, ikafuata mitikisiko, basi. Kilichotokea hakitajwi kwenye filamu wala kwenye kitabu. Jua halionekani, mimea imekufa, mifugo hakuna, majivu yanaanguka kila siku. Waliobaki wamegawanyika: wanaookota makopo ya zamani, na wanaokula watu. Baba, anayeigizwa na Viggo Mortensen, ana bastola yenye risasi mbili. Hazikuwekwa kwa ajili ya adui. Moja ni ya mtoto na nyingine ni yake mwenyewe, siku wakikamatwa. Mama, Charlize Theron, alishaondoka usiku mmoja akaingia gizani, hakutaka kungoja siku hiyo.

Wanasukuma toroli la supamaketi lenye turubai, blanketi na makopo. Kwenye kitabu, ambacho nilikisoma polepole nikiwa na kamusi pembeni, baba amefunga kioo cha pikipiki kwenye mpini wa toroli ili aone nyuma. Niliposoma hapo nilimpenda huyo mwandishi. Mtu mwingine angemwandikia baba yule silaha kubwa zaidi. Yeye alimpa saitimira. Anayekimbia njaa akiwa na mzigo, hatari yake kubwa inatoka nyuma.

Na barabara ile si ya kuchora kwa kompyuta. Mjukuu alinitafutia habari zake. Sehemu kubwa wamepigia picha Pennsylvania, na baadhi ya matukio kwenye kipande cha barabara kuu ya zamani, Pennsylvania Turnpike, kilichoachwa tangu mwaka 1968. Ni maili 13, kama kilometa 21 hivi. Kulikuwa na mahandaki yanayopita chini ya milima, kila moja lina njia mbili tu, magari yakawa yanasongamana midomoni mwake, hivyo ikachongwa njia mpya pembeni na ile ya zamani ikaachiwa nyasi. Miti iliyolala waliipata Mount St. Helens, mlima uliolipuka Mei 1980 na kuua watu 57. Sehemu nyingine walikwenda Louisiana, kwenye maeneo yaliyobomolewa na kimbunga Katrina mwaka 2005. Kwa hiyo unayemwona Mortensen akitembea, anatembea kwenye uharibifu uliowahi kutokea kweli. Lami imepasuka na magugu yaliyokauka yametokeza kwenye nyufa. Nimeona lami ya namna hiyo, najua inavyotikisa usukani.

Mahali walipoteleza ni kwenye dizeli. Kuna genge linapita na lori. Mtoto ana miaka kama kumi, amezaliwa baada ya balaa, maana yake mafuta yale yana umri wake. Dizeli ya miaka kumi! Mafuta yakikaa hivyo yanaingia maji, yanaota uchafu wa utelezi, filta inaziba hata hujafika gia ya tatu. Haki yao niwape, lori lenyewe linazimika, na kuzimika kwake ndiko kunakoleta balaa la tukio lile. Lakini lingezimika kabla ya hapo.

Sasa nije kwenye hoja.

Mchambuzi hakukosea kusema kwamba baba haamini mtu. Na baba ana sababu. Kuna nyumba kubwa wanaingia wakitafuta chakula, wanavunja kufuli la mlango wa sakafuni, wanashuka chini na kiberiti, na huko wanakuta watu wamefungiwa wakiwa hai, wengine wamekatwa miguu, wanatunzwa kama nyama ya akiba. Mjukuu alisimamisha picha akatoka nje. Mimi nilibaki natazama ile skrini iliyoganda, nikajisemea kwamba baada ya kuona hili, mzazi gani angemkaribisha mgeni? Kwa hiyo simlaumu baba. Ninachosema ni kwamba filamu inamwonyesha baba akiogopa, halafu inaonyesha hofu hiyo ilimkosesha nini. Sehemu hiyo ya pili ndiyo mchambuzi hakuiona.

Twende taratibu. Wakiwa karibu kufa kwa njaa wanagundua chumba cha chini ya ardhi, ghala la mtu aliyejiandaa na balaa: nyama ya makopo, matunda, sabuni, vitanda. Wanaoga. Baba anamkata mtoto nywele. Mtoto anauliza kama wangewashukuru watu walioacha vitu hivyo, na wanashukuru kweli. Hapo wangeweza kukaa miezi. Usiku mmoja wanasikia vishindo juu yao, na mbwa. Baba anaamua waondoke. Wanapakia wanachoweza kwenye toroli, kingine kinabaki.

Nyuma kidogo, mtoto amemwona mtoto mwenzake. Anataka kumfuata. Baba anamvuta na kumwambia hakuna mtu pale.

Mbele, kwenye mji mtupu, mtu anawapiga mshale kutoka dirishani. Baba anajibu kwa bastola ya fataki za meli, anamuua. Anapanda ghorofani anamkuta mwanamke amemkumbatia maiti. Baba anamuuliza kwa nini walikuwa wanawafuata. Mwanamke anasema hawakuwa wakiwafuata, ninyi ndio mliokuwa mnatufuata sisi. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Watu wawili upande huu na wawili upande ule, kila upande unadhani unawindwa, mmoja amekufa kwa ajili hiyo, na jeraha la mshale linamsogeza baba kwenye kifo chake, ingawa tayari alikuwa anakohoa damu.

Halafu baba anakufa ufukweni. Mtoto anabaki na bastola na mwili wa baba. Anatokea mwanamume mwenye bunduki, Guy Pearce, meno mabovu, sura ya kumfanya dereva yeyote akanyage mafuta. Ana mke, ana watoto wawili. Na ana mbwa. Mke wake anamwambia mtoto, tulikuwa tunawafuata, tulikuona ukiwa na baba yako, tulikuwa na wasiwasi juu yenu.

Mbwa, Mhariri! Filamu haimtaji baba wala mtoto kwa jina, haielezi dunia iliharibikaje, lakini imechukua nafasi ya kutusikilizisha mbwa juu ya kile chumba na kutuonyesha mbwa mwishoni. Sisemi kwamba inathibitisha kama mahakamani. Ila mimi naamini waliokuwa wanatembea juu ya dari usiku ule walikuwa hawahawa. Kama ni hivyo, basi baba alimtoa mwanawe kwenye chakula na kitanda ili kuwakimbia watu pekee katika nchi nzima waliokuwa wanataka kumsaidia. Filamu ya namna hiyo utasemaje inatufundisha kutomwamini mtu?

Kuna msomaji atasema, mzee, hayo ni maneno ya kiti cha sebuleni. Hapana. Mwaka 1994 nilikuwa nabeba mahindi na maharage kutoka Isaka kwenda Ngara. Mzigo ulikuja kwa treni mpaka Isaka, tukaupandisha kwenye malori, Kahama, Runzewe, Lusahunga, Nyakahura, mpaka Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi wa Rwanda. Watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya kama saa 24 tu, mwisho wa Aprili mwaka ule. Mpakani lilikuwapo rundo la mapanga waliyoamriwa kuacha. Chini ya daraja Mto Kagera ulikuwa unateremsha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Sitaki kueleza zaidi ya hapo, waliokuwepo wanajua.

Barabara ya filamu niliitambua na sikuitambua. Godoro kichwani, sufuria zimefungwa kwenye baiskeli, mtoto anayetembea huku amelala, hayo niliyaona. Lakini filamu ina ukimya ambao Ngara haukuwepo. Pale watu walikaa kwa vikundi kama walivyokaa kwao, wilaya na wilaya, kilima na kilima. Wanatafutana kwa majina. Ukizima injini unasikia kama soko. Mtu anakusalimia kwa lugha yake, unamjibu kwa yako, na mazungumzo yanaendelea hivyohivyo. Kwenye filamu ya Hillcoat hakuna anayesalimia mtu. Nadhani hilo lilinitisha kuliko chumba cha wale waliokatwa miguu. Watu wanakutana barabarani na neno la kwanza ni simama hapohapo.

Na wala sitaki kuwapamba watu wa kambini. Miongoni mwa waliokuwa wakipanga orodha za kugawia chakula walikuwamo viongozi waliosimamia mauaji ya kimbari kule walikotoka. Mtu huyohuyo aliyekuwa anasaidia wazee kupata mgao wao, mikono yake ungeijua usingemsogelea. Hakuna kioo cha pikipiki kinachoonyesha hilo. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayedhani binadamu wote ni wema. Nimewapelekea mahindi wauaji na waathirika kwa gunia moja, na hakuna aliyenipa orodha ya nani ni nani.

Baadaye ikaja ile miaka ya ujambazi kwenye mapori ya Biharamulo na Burigi. Tulikuwa tunakusanywa, tunasindikizwa na askari kwa msafara, na ukiachwa na msafara unalala mizani au unamwomba Mungu. Madereva wanajua kwamba gari likiharibika unakata matawi unayalaza barabarani ili mwenzako apunguze mwendo. Jambazi naye anajua hivyo. Sasa ni saa nane usiku, taa zako zimepiga kwenye majani yamelala kwenye lami. Utasimama au utapita? Vijana wa siku hizi wenye pembetatu za kuakisi hawajui mtihani huo.

Nilikuwa na mwenzangu mmoja wa Singida, marehemu sasa, ambaye alikuwa anasimama. Si kila mara. Alikuwa anatazama kwanza jinsi matawi yalivyopangwa. Dereva huyaanzia mbali, tawi moja, mbele kidogo mawili, kisha mengi kadiri unavyokaribia gari, na yote yapo upande wa gari lake, maana anataka wewe upite salama. Jambazi hataki upite. Yeye analaza gogo au anarundika majani katikati, mahali pamoja, karibu na kona au kwenye kilima ambako gari lako limeshapoteza nguvu. Yule bwana alikuwa anazima redio, anashusha kioo, anapunguza, anatazama. Utingo wake alikuwa anatukana kwa woga. Akiridhika, anasimama, na amewavuta wengi porini. Asiporidhika, anaondoka kwa gia aliyonayo hata kama ni kwa kugonga gogo. Sisi wengine tulikuwa na kanuni moja, pita. Kanuni moja inampumzisha mtu, halazimiki kutazama.

Ndiyo maana mtoto wa filamu ile, Kodi Smit-McPhee, alinishangaza kwa namna ambayo sijaona ikiandikwa. Watu wanasema mtoto ni mwema na baba ni mkali. Mtoto si mwema tu, mtoto anatazama. Wanapomkuta mzee barabarani, Robert Duvall, anatembea kwa fimbo na macho yake hayaoni vizuri, baba anaona mtego. Mtoto anaona mzee mwenye njaa. Nani kaona sawasawa? Mzee alikuwa mzee mwenye njaa. Wanampa kopo la matunda, wanakaa naye usiku kwenye moto, asubuhi wanaachana. Mwizi anapowaibia toroli ufukweni, baba anamkamata na kumvua nguo zote, hata viatu, anamwacha uchi kwenye baridi ile ili afe kama alivyotaka wao wafe. Mtoto analia mpaka baba anarudi, mwizi hayupo tena, wanamwachia nguo na kopo barabarani. Mtoto hakusema mwizi hakuiba. Alisema ana njaa na anaogopa. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Na mwisho, yule mtu wa meno mabovu anapokuja, mtoto hamkimbilii kumkumbatia. Amemshikia bastola. Anauliza nitajuaje kama wewe ni mmoja wa watu wazuri. Mtu anamjibu kwamba huwezi kujua, itabidi ubahatishe. Mtoto anauliza tena kama ana watoto, na kama amewala. Maswali ya mtoto, lakini ndiyo maswali yenyewe. Kisha anaamua. Ninapotazama pale namwona yule wa Singida ameshusha kioo anahesabu matawi.

Kuhusu baba, niongeze jambo moja, maana nami ni baba na babu. McCarthy alizaliwa mwaka 1933. Kitabu amemtunukia mwanawe John, aliyempata uzeeni. Alimweleza Oprah Winfrey kwenye mahojiano ya televisheni mwaka 2007, na alikuwa si mtu wa mahojiano, kwamba wazo lilimjia hotelini El Paso, mtoto amelala, yeye amesimama dirishani usiku, akafikiria mji ule utakuwaje miaka mingi mbele, akaona mioto juu ya kilima. Mzee wa karibu miaka 70, mtoto wake bado mdogo. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Hofu ya baba kwenye filamu ni hofu ya mzee ambaye ana hakika hatakuwepo mwanawe akikua, na kila anayepita barabarani anamwona kama ndiye atakayemkuta mtoto peke yake. Namwelewa kabisa. Mjukuu wangu huyu amelelewa na mimi, na naye akisema anasafiri kwa basi la usiku silali. Lakini kumwelewa mtu ni kitu kimoja, na kuchukua homa yake ukaiandika gazetini kuwa ndiyo fundisho ni kitu kingine.

Kwa wazazi, msiwaonyeshe watoto wadogo. Si kwa sababu ya huzuni, watoto wetu wanajua huzuni, ila ile nyumba yenye watu chini ya sakafu itawakaa usiku. Wa sekondari wanaweza, mkiwa nao. Maneno ya Kiingereza si mengi, watu wale wanaongea kidogo sana, na anayefuatilia kwa macho hapotezi kitu kikubwa. Muziki wa Nick Cave na Warren Ellis ni mzuri, ila sikio langu la injini halina la kusema zaidi.

Mchambuzi wenu airudie. Ni dakika 111 tu. Akifika kwenye vishindo vya juu ya kile chumba aongeze sauti, kisha aniandikie kupitia gazeti lenu kama bado anaona fundisho ni lilelile. Nikiona jibu lake nitalijibu, nafasi ninayo.

Wako,
Dereva mstaafu,
Kahama